Sala Tano kwa Mkono Mmoja wa Vanishi

Saa mbili asubuhi, Fundi Vanishi anapitisha kitambaa juu ya mlango wa kabati, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Anarudi nyuma hatua mbili, anafumba macho, anaanza kusali.

"Akifika amina ya tano, mkono huo wa vanishi umekauka," anasema mkewe, anayepiga msasa miguu ya meza. "Ukimsemesha katikati, anaanza upya. Mteja atangoja hadi uzeeni."

Kwa miaka ishirini na sita, saa yake ilikuwa sigara. Akishapaka, anawasha moja. Ikiisha, anapaka tena.

"Kabati moja, sigara sita," anasema kwa sauti yenye mikwaruzo. "Sikujua nani anammaliza mwenzake."

Miaka mitatu iliyopita alitokewa na uvimbe shingoni. Ilikuwa saratani ya koo iliyosababishwa na kirusi cha HPV. Alipigwa mionzi mara thelathini na tano, akapungua kilo kumi na nne, akawa ananyweshwa maziwa kwa kijiko cha chai. Uvimbe ukayeyuka.

Daktari hakumficha. Saratani ya aina hiyo mara nyingi husikia matibabu, lakini huweza kurudi, na yeye alikuwa na mambo mawili ya kutia hofu: ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi za shingo, na alikuwa mvutaji.

"La tezi hatuwezi kulifuta," daktari alimwambia. "La sigara liko mkononi mwako, fundi."

Akaacha. Lakini karakanani mambo yakaharibika. Akiwahi kupaka, vanishi inavutika. Akichelewa, inashika vumbi. Basi akabuni ujanja: anawasha sigara, anaiegesha juu ya tofali mlangoni, anaitazama ikiungua.

"Sivuti, mama watoto. Napima muda tu."

"Na moshi huo unaingia pua ya nani, baba? Ya kabati?"

Anacheka akikumbuka. "Na kusema kweli, mara mbili tatu nilionja. Nilimfukuza nyoka, mlango nikamwachia wazi."

Ni mkewe aliyemwambia: kila usiku unamwomba Mungu akulinde, hebu mwombe na mchana, tuone inachukua muda gani. Sala tano zikatosha. Tangu siku hiyo, mwaka wa pili sasa, hajawasha nyingine.

Kesho anarudi kliniki, apitishiwe kamera puani hadi kooni. Kabati limebaki mkono mmoja, naye hataki kuupaka leo; anauacha umngoje atakaporudi.

Na majibu yakiwa mabaya je, anaulizwa.

Anakunywa funda la maji. Mionzi ilimkausha mate. "Hata hivyo kabati litataka mkono wa mwisho. Nimemwambia mwenye kabati aje Jumamosi."

"Jumamosi saa ngapi?" anauliza mkewe.

"Baada ya amina ya tano."