Kitufe cha kijiko kimeniumbua mbele ya shemeji

Jamani, leo nimepika sufuria zima la uji wa mchele wa Kyela, na sikukusudia.

Wiki nzima nilimtambia shemeji yangu Ambokile kwamba nimenunua jiko la umeme la kupikia wali. Nikamwambia hata muuzaji pale Mbugani alibaki kunisikiliza mimi nikimfundisha linavyofanya kazi.

Leo mchana akaja kula.

Sasa lile jiko lina vitufe viwili, bila maandishi. Kimoja kina picha ya bakuli na vijiti viwili. Kingine, bakuli na kijiko.

Mimi nikasema vijiti hivyo ni kuni, basi hicho ni cha wasio na umeme.

Nikabonyeza kijiko. (Wewe hapo ungebonyeza kipi? Sema ukweli wako hapo chini.)

Kufunua, uji!

"Shemeji, wali wako unaogelea," Ambokile akasema.

Mpwa wangu Atupele, anayesomea kompyuta chuoni, akalichungulia lile jiko. "Mjomba huna kosa. Aliyechora hivi alidhani dunia nzima inakula wali kwa vijiti. Kitufe kinachohitaji mkalimani ni kibovu."

Nikavimba. "Umesikia, shemeji? Msomi huyo!"

Ambokile akaomba sukari, akanywa vikombe vitatu, akajifuta ndevu taratibu.

"Ndaga fijo, shemeji, asante sana. Sasa nileteeni mtoto nimwone, maana uji huu ni wa mzazi."