Mjusi wa Nyuma ya Saa

Mjusi yule aliishi nyuma ya saa ya ukutani, sebuleni kwetu Kanyenye, na mimi ndiye niliyemtetea.

"Atamwangukia mtoto," mke wangu alisema kila siku. Nami kila siku nilimjibu kwamba mjusi anakula mbu na hana shida na mtu. Nilijiona mjuzi kweli.

Mtoto alipofikisha siku tisa, mama mkwe alikuja kwa treni kutoka Kaliua kumhudumia mzazi. Tulikuwa hoi. Kuogesha hatujui, kulala hatulali. Mama huyo akiondoka, tumekwisha. Lakini kwao mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe wala hamtazami usoni, na kumgusa ndiyo usiseme. Kwa hiyo nilimwamkia nikiwa mlangoni, macho nimeyaelekeza kwenye saa iliyokuwa juu ya kiti alichokalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hapo ndipo nilipomwona mjusi akiteleza.

Alitua kwenye kilemba chake, mama asijue. Mke wangu alikuwa chumbani akinyonyesha. Kumtoa kwa mkono kungekuwa kumgusa mama. Mjusi akaanza kushuka kuelekea shingoni, na akili ikaniruka. Nikaokota kandambili mlangoni, nikapiga.

Nilimpiga mama mkwe kichwani kwa kandambili.

Mjusi alikwishakimbilia darini. Mkia wake tu ndio uliobaki, ukichezacheza mapajani mwa mama. Aliutazama, akanitazama na mimi, kisha akainuka kufunga mfuko wake wa safari. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikatoka nje, nikachuchumaa kando ya pipa la maji, nikiwaza treni ya kurudi Kaliua.

Baadaye nikamsikia ndani akizungumza na mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako viatu huvaliwa miguuni. Na mwambie, huyo mjusi asipohama, nahama mimi."

Nikajibu kupitia dirishani, "Mwanangu, mwambie bibi saa naiteremsha sasa hivi."

Mtoto alipiga chafya. Tukaichukulia kuwa amefikisha ujumbe.

Mjusi alihamia choo cha nje, akaota mkia mpya. Mama alikaa miezi mitatu, na maneno yetu yote yalipitia kwa yule mtoto. Siku ya kuondoka alimpakata, mimi nikiwa mlangoni na mfuko wake mkononi.

"Mwambie baba yako," alisema, "nimemzoea."

Nilitazama ukuta mtupu pale ilipokuwa saa, na machozi yakanitoka.