Bulamu yangu alivaa viatu, nikasoma kiuno

Jumapili, mwezi wa saba, 1954. Baridi ya asubuhi, upepo wa vumbi, jua halina nguvu.

Ndivyo daftari langu linavyoanza siku ile. Wakuu, habari zenu humu. Mimi ni mzee wa Élisabethville ya zamani, mji wa migodi; shule niliishia darasa la nne, mnisamehe maandishi. Nitasema nilichokiona tu. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Nilikuwa kipa wa kambi ya reli.

Watu hudhani kipa anaangalia mpira. Hapana. Ukingoja mpira utoke mguuni, umeshachelewa. Mwili wa mpigaji unasema kwanza, na mwili wako unajibu kabla hujafikiri.

Tulicheza miguu mitupu, na mimi nilisoma vidole. Mtu akitaka kupiga kushoto, kidole gumba cha mguu anaosimamia kinachimba vumbi upande ule. Sikufundishwa na mtu. Labda nilikuwa nabahatisha, lakini magoli niliyofungwa yalikuwa machache.

Siri hiyo nilimwambia mtu mmoja tu: Kasongo, mume wa dada yangu Anyesi. Shemeji, sisi tunasema bulamu. Alifanya kazi chini ya ardhi, mgodini, na alikuwa mshambuliaji wa kambi yao.

Jumapili ile tulikutana nao. Wao walikuwa wamepewa viatu vya mpira, mara ya kwanza kabisa. Kasongo akapita mbele ya goli langu:

"Bulamu, leo utasoma nini? Bidole biko ndani ya nyumba!"

"Nitasoma kiuno yako. Ile haina kiatu."

"Kiuno iko ya dada yako, wacha!"

Watu wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini iliniuma kidogo. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Karibu na mwisho, bado sifuri kwa sifuri, akaja peke yake.

Macho yangu yalikwenda kwenye vidole, kwa mazoea. Nikaona ngozi nyeusi ya viatu tu. Nikapanda kiunoni. Kiuno kikasema kushoto, nikaruka kushoto, chini, mbele.

Hakupiga.

Mguu wake wa kusimamia ulikuwa umekaa pale pale nilipoangukia, na kiatu kilikuwa kimekamata ardhi. Mguu mtupu ungeteleza. Nilisikia sauti, kama ukuni mkavu ukivunjika.

Mpira ukatoka nje. Upande wetu wakashangilia, hawakujua bado. Mwamuzi alisema si kosa.

Wengine walisema nilikusudia. Nimejiuliza miaka yote: ule utani wa kiuno ulikuwa bado ndani yangu? Kidogo, ndiyo. Lakini mwili ulikwenda kabla ya hasira. Hivyo ndivyo naamini. Siwezi kuapa.

Mfupa wa mguu wake uliunga vibaya. Daktari akaandika kwamba Kasongo hawezi tena kushuka mgodini. Na nyumba ya kambi ilikuwa ya mfanyakazi: kazi ikiisha, nyumba imeisha. Nilikwenda mwenyewe kwa karani kuomba wampe hata kazi ya kufagia. Karani alinisikiliza kwa adabu. Jibu lilikuwa hapana.

Mwezi wa kumi wakapanda treni kurudi kwao, upande wa Kamina. Anyesi hakuniangalia. Simlaumu.

Kasongo alisimama kwenye magongo, akanishika bega.

"Bulamu, ulisoma muzuri. Nilitaka kupiga kushoto. Nikakuona unaruka, nikabadilisha mawazo. Ni miye nilikosa."

Sijui kama ilikuwa kweli, au alinihurumia. Alikufa kwao kabla sijapata nafasi ya kumwuliza tena.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimjua mtu sana, unamjibu kabla hajasema, na siku akibadilika njiani, wewe umeshafika. Sikukaa golini tena.

Ninyi mliocheza mpira au ngumi, niambieni bila kunipendelea: mwili ukishasoma, mtu anaweza kuusimamisha? Kama anaweza, semeni tu. Nitapokea.

Jioni ya siku ile ya treni, nyumbani tulikula bukari, yaani ugali, na samaki wakavu wa Kasenga. Mimi nilikuwa na njaa, nikala nikamaliza sahani yangu. Hilo pia nimeliandika.