Onyo la Spika

Mdogo wangu hakuwahi kuiba hata sukari ya jikoni, na aliyekuwa akiilinda ile sukari ni mimi dada yake, kwa hiyo najua. Ndiyo maana askari walipokuja mchana kweupe na kumwambia avae shati, ana kesi ya wizi, nilicheka kwanza.

"Kaiba nini?" nikauliza.

"Filamu."

"Ngapi?"

"Tulipofika elfu moja tuliacha kuhesabu, dada."

Mtaani wanamwita Spika. Kazi yake aliianza bila kujua kuwa ni kazi. Mama yetu hajui lugha za wageni, na macho yake hayaoni maandishi madogo ya chini ya skrini. Basi tangu utotoni Spika alikuwa anaketi kwenye mkono wa kiti cha mama na kumtafsiria: "Huyu anamdanganya mkewe, mama. Yule anayechekacheka ndiye muuaji." Majirani wakaanza kuja kusikiliza. Nadhani walimfuata yeye kuliko filamu. Alipokuwa mtu mzima akanunua kompyuta kuukuu na maiki, akaegemeza godoro ukutani kwenye chumba cha nyuma ili kelele za cherehani yangu zisiingie, akawa anapakua filamu mtandaoni, anaweka sauti yake juu, anauza.

Ila alikuwa na donda lake. Wauza filamu wa mjini walinakili kazi zake bila kumpa hata ahsante, na jambo hilo lilimtia wazimu. Akaanza kufungua kila filamu kwa onyo. Anataja jina, anataja namba ya simu, kisha anakaza sauti: "Kazi hii ni jasho langu. Atakayeinakili bila ruhusa, sheria imshike!"

Mahakamani, mwendesha mashtaka hakuhangaika kutafuta mashahidi. Alibonyeza kitufe tu. Sauti ya mdogo wangu ikajaa chumba kizima, ikataja namba ya simu, ikatuonya sote. Watu wakaangua kicheko, hata karani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akamtazama. "Ruhusa ya nani, kijana?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Na wewe ulipewa na nani?"

Spika akakuna kichwa. Wengine walidhani anatafuta uongo, lakini mimi namjua, alikuwa anafikiri kweli. "Hilo sikuwahi kujiuliza, mheshimiwa. Wenyewe wako mbali mno. Nilidhani hawatuoni."

Kompyuta na maiki vikataifishwa. Akirudia, jela miezi sita.

Njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alitaka wezi wake washikwe, akashikwa yeye, na hapo sina la kumtetea. Lakini miezi sita jela? Na mtaa mzima ulionunua je? Na mimi niliyesikiliza bure ng'ambo ya ukuta? Isitoshe, suruali ninazoshona huwa nazitia lebo za kampuni kubwa ambazo hazijui hata kama nimezaliwa. Nilipofika nyumbani nilizikusanya lebo zote nikazifungia kwenye droo. Kuzitupa, hapana, sikuzitupa.

Wiki mbili nyumba ikawa kimya. Sikuwahi kujua kwamba cherehani yangu ina kelele kiasi kile.

Jumamosi jioni televisheni ikaonyesha filamu ya kigeni. Mama akavumilia dakika kumi. "Baba," akamwita mwanawe, "huyu mwanamke analilia nini?"

Spika akatazama mlangoni. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake haukuwa na utani.

"Dada, hii nayo ni kurudia?"

"Sijui," nikasema, na mpaka leo sijui.

Akakaa pale pale pake pa zamani, kwenye mkono wa kiti, akamwinamia mama sikioni na kuanza kunong'ona. Mama akaguna, akacheka. Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Ongeza sauti," nikamwambia. "Huku sisikii."