Mkono wa Baba Nyuma ya Televisheni

Binti yangu ana miaka kumi na sita na simu yenye kioo kilichopasuka. Sheria ya nyumba yetu hapa Handeni ni kwamba simu inakaa kabatini mpaka kazi za shule ziishe. Juzi nilirudi kutoka sokoni nikaitoa kabatini. Sikuiwasha. Niliigusa tu kwa mgongo wa kiganja.

"Mama, unaipima homa?"

"Ina homa. Umeingia mtandaoni sasa hivi."

Alinitazama kana kwamba nimepiga ramli. Nimeishi miji saba, na kila mmoja niliuhama nikiamini kwamba raha iko kwenye unaofuata, lakini ufundi huu sikuupata kokote huko. Niliupata nyumbani, Ngombezi, kwa baba.

Baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha beringi haziungui. Hakuwa na kipimo. Alipita akigusa kila moja kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayegusa paji la uso la mtoto. "Mashine haijui kudanganya," alikuwa akisema. Sisi watu alitutilia shaka.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoanza kuuza mali zake, shamba la mkonge lilipata tajiri mpya. Wafanyakazi wakalipwa mafao yao Ijumaa, wakaagana kwa machozi, na Jumatatu baba akaajiriwa upya kwenye mashine ileile. Katikati ya Ijumaa na Jumatatu alikuwa amekwenda Korogwe mjini akarudi na televisheni ya rangi, iliyokwisha tumika Uarabuni. Antena tuliifunga juu ya shina refu la ua la mkonge. Upepo ukivuma, msoma habari anageuka chenga.

Sheria ilitangazwa usiku uleule, mbele ya mama. Televisheni inawashwa na baba, kwa taarifa ya habari, kisha inazimwa na kufunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa kidato cha tatu na nilitakiwa kusoma.

"Na siku nitakayorudi nikaikuta ya moto," akasema, "inakwenda Kabuku, mgahawani kwa mjomba wako. Wasafiri wataiangalia wakila wali."

Hakuwa mtu wa kutishia bure. Mbuzi aliyekula shati lake la Idi alikwenda Kabuku kwa sababu hiyohiyo, akaliwa kwa wali.

Bahati mbaya, saa kumi jioni kulikuwa na tamthilia. Bibi harusi alikuwa amepoteza fahamu mbele ya shehe, pete mkononi, na bwana harusi alikuwa na pacha ambaye hakuna aliyemwamini. Wiki ya tatu sasa, bibi harusi hajaamka. Ungeniambia nisome jiografia katika hali hiyo?

Nilikuwa nazima saa kumi na moja. Kila siku baba aliingia saa kumi na moja na nusu, na kabla ya kunawa alipeleka mkono nyuma ya televisheni. Kwa hiyo nilikuwa na nusu saa ya kuipoza. Nilianza na ungo. Niliipepea televisheni mpaka mabega yakauma.

Mama alipita na ndoo. "Unapepeta mchele gani huo?"

"Napunga vumbi, mama."

"Punga haraka. Nimemwona darajani."

Mama hakuwa upande wa mtu yeyote. Alikuwa upande wa bibi harusi.

Ungo haukutosha siku za jua kali, bati likiwa linalia juu yetu. Nikahamia kwenye kanga mbichi. Halafu, wiki ambayo pacha alikiri kosa, nilichelewa kuzima. Nikakimbia kwa jirani mwenye friji, nikanunua barafu nne za ukwaju zilizogandishwa kwenye vifuko, nikazipanga mgongoni mwa televisheni. Niliposikia baiskeli ya baba nikaziondoa, nikapangusa, nikafunika kitambaa. Mbili nilizila kwa wasiwasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mkono ukaenda nyuma. Ukarudi. Ukaenda tena.

"Njoo. Gusa ukuta."

Nikagusa. "Wa moto."

"Gusa kabati."

"La moto."

"Gusa mama yako."

"Niache mimi, nimetoka jikoni," mama akasema.

"Sasa gusa televisheni."

Ilikuwa baridi kama mtungi.

"Miaka ishirini na mbili nagusa beringi," akasema baba taratibu. "Ya moto naijua. Ya vuguvugu naijua. Iliyo baridi kuliko ukuta wa nyumba sijawahi kukutana nayo."

"Lakini baba, ulisema ukiikuta ya moto."

Mama akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Baba akaenda kunawa. Alikuwa mtu wa haki, na sheria yake kweli haikusema lolote kuhusu baridi. Aliilaza kesi siku mbili. Siku ya tatu alihukumu kwamba hakipozwi kisichopata moto, akaifunga televisheni kwa blanketi langu, akaipakata kwenye basi mpaka Kabuku.

Nyumba ikawa kimya. Nilifungua jiografia na nikamwona bibi harusi kwenye kila ramani. Jioni baba aliporudi kazini mkono ulienda wenyewe ukagusa meza tupu. Hata mama hakucheka.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, baba aliaga tena kwamba anakwenda Handeni kutazama mahindi yake. Alipoondoka tu nikamwomba mama ruhusa ya kwenda kumsalimia mjomba.

"Mjomba huyo hujamsalimia tangu umezaliwa," akasema, lakini akanipa nauli. "Ukirudi unisimulie kila kitu. Kila kitu, umesikia?"

Ilikuwa safari yangu ya kwanza peke yangu, na tangu hapo sijatulia mahali.

Mgahawa wa mjomba ulikuwa kando ya barabara kuu, jenereta likinguruma uani. Abiria wa mabasi walikuwa wanakula macho yakiwa juu, kwenye rafu, kwenye televisheni yetu. Nikapenya. Kwenye benchi la mbele kabisa nikaona kofia ninayoijua.

"Karibu, mjomba!" mjomba akapaza sauti, mnafiki yule. "Leo ukoo mzima! Shemeji, mahindi yako yanastawi sana humu ndani. Mara ya tatu mwezi huu unakuja kuyapalilia!"

Baba akageuka. Sikuwa na pa kujificha.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumsalimia mjomba."

"Umeshamsalimia?"

"Bado."

Baba akasogea, nafasi ikapatikana benchini. 

"Kaa," akasema, macho yakirudi kwenye kioo. "Bado hajaamka."

Tulikaa bega kwa bega. Daktari aliinama juu ya bibi harusi, kope zikacheza, mgahawa mzima ukaacha kutafuna. Baba akainuka, akapeleka mkono nyuma ya televisheni, uso ukamkunjamana.

"Shemeji, hii inachemka! Tangu saa ngapi mmeiwasha?"

"Tangu asubuhi, shemeji. Wateja."

Baba akaingiza mkono mfukoni, akanikabidhi shilingi bila kunitazama.

"Kimbia kaulize nani anauza barafu," akasema. "Za ukwaju. Na zetu mbili."