Mkutubi na Riwaya ya Wavulana Wawili

Mkutubi wa sekondari moja ya Wisconsin, Marekani, alinukia gundi siku zote. Saa ya chakula cha mchana alibandika kurasa zilizochanika, ncha ya ulimi imemtoka pembeni mwa mdomo, na akizungumza ilibidi uiname ndipo umsikie. Tova, binti wa miaka kumi na sita, alipokuja kuazima riwaya ya wavulana wawili wanaopendana, mkutubi hakumuuliza kitu. Aligonga muhuri, akanong'ona, "Ukurasa wa mwisho umelegea, mwanangu. Usiuvute."

Miezi kadhaa baadaye, jioni bodi ya shule ilipoketi mbele ya wazazi na wanafunzi kuamua kama riwaya hiyo itolewe maktabani, baba mmoja alifoka, "Nani anasoma uchafu huu?" Mkutubi akainuka, na sauti yake ikafika hadi mlangoni. "Imeazimwa mara arobaini na moja, bwana. Majina siyatoi, hata mnifukuze kazi." Tova akajikuta amesimama kabla hajaamua. "Mimi nimeisoma mara tatu," akasema. "Ndiyo iliyonipa moyo wa kumwambia mama kwamba napenda wasichana." Mama yake, aliyeketi kando yake, naye akasimama. "Na mimi nikaisoma baada yake. Mwenye neno na aniambie mimi!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kura zikapigwa: sita kwa moja, riwaya ibaki. Asubuhi yake foleni ya kuiazima ilifika hadi ngazini, na mkutubi, macho yamemvimba kwa kulia, alikuwa kwenye simu akiagiza nakala kumi zaidi.