Siku Niliyoyaita Malewa Uyoga

Aibu nyingine mtu huzipunguza kidogo kidogo kila anapozisimulia, mpaka mwisho zinafanana na mzaha, lakini hii yangu ya Mbale nimeshindwa kuipunguza kwa sababu mashahidi wake wengi wako hai na wana midomo, kwa hiyo afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine, maana huko inafika imetiwa chumvi (wapo wanaosema nilikimbia, sikukimbia, nilitembea haraka).

Ilikuwa miaka ya tisini, nasomea mambo ya mimea chuo kikuu, na likizo ile nikapata nafasi ya mafunzo ya kazi katika mradi mmoja pale Jinja uliokuwa ukitafuta fedha na kuzigawa kwa ajili ya kuhifadhi misitu, vinamasi na wanyama wa nchi nzima. Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa mtu. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai, kutoa fotokopi, na kupaka rangi za penseli ramani za mkuu wetu, Dokta Mugoya, Msoga mpole, mrefu kama nguzo ya simu, aliyezipenda ramani zake kama watu wengine wanavyopenda watoto wao. Lakini mimi mngeniona nikikatiza mjini na faili kwapani, mngefikiri viumbe wote wa Uganda, wenye manyoya na wasio na manyoya, wanasubiri saini yangu ndipo wapate kuishi.

Basi ukaja ugeni. Mama mmoja wa Kizungu kwa jina la Ingrid, kutoka kwa wafadhili, alikuwa anakwenda Mbale kujionea mambo kabla ya kuamua kama watatoa fedha za kulinda msitu wa mlima. Dokta akaniuliza kama naijua Mbale. Nikamjibu, "Dokta, Mbale ni kwa akina mama yangu!" (Kweli mama yangu ni Mgisu, ila mimi nimekulia Jinja kwa baba, na Mbale nilikuwa nakwenda kwa harusi na vilio tu.) Akafurahi, akasema nitangulie siku moja kabla nikaandae ukumbi na chakula cha mchana.

"Chakula cha hoteli tu, Zaina," akaniambia. "Kuku na chipsi. Usijisumbue."

Hapo ndipo ilipoanzia. Mtu mkubwa amekuambia usijisumbue, wewe usijisumbue! Lakini mimi nikaona kuku na chipsi ni aibu kwa mradi wa uhifadhi, nikaenda moja kwa moja Namatala kwa mama mdogo, Mama Halima, mdogo wake mama yangu, ambaye mtaa mzima ule hauozi binti wala hauziki mtu bila yeye kusimamia masufuria.

"Wageni wa serikali?" akaniuliza.

"Wa serikali na wa Ulaya, mama."

"Basi watakula chakula cha watu. Matoke, kuku wa kienyeji, na malewa."

Nikaruka kwa furaha. Malewa! Kwa wasiotoka upande ule, ni mboga nyeusi nyeusi iliyokaushwa kwa moshi, inaroweshwa, inachemshwa, halafu inapikwa na karanga za kusaga mpaka mchuzi unakuwa mzito na unanukia moshi na mafuta, na ukianza kula huwezi kusikia mtu anayekuita. Kwetu Jinja ilikuwa inakuja imefungwa kwenye gazeti, zawadi ya mama mdogo. Na mimi tangu utoto nilikuwa najua ni uyoga. Hakuna aliyewahi kuniambia ni uyoga, niseme ukweli, na hakuna aliyewahi kuniambia si uyoga, maana nani atakaa chini amweleze mtoto kitu ambacho anadhani hata kuku wanakijua?

Siku yenyewe ukumbi ulipendeza. Nilitundika mabango ukutani kwa mikono yangu mwenyewe, kubwa kuliko yote likiwa na picha ya mianzi michanga iliyokatwa imelazwa chini kama maiti, na maandishi mekundu: MIANZI IKIISHA NA MAJI YATAISHA. Mbele, juu ya meza fupi, Dokta akatandaza ramani yake ya mlima, ile aliyoichora kwa miezi mingi, kijani kwa msitu, kahawia kwa mashamba, bluu kwa mito. Wazee wa vijiji wakaja, walimu wakaja, na Afande Opio, sajini wa askari wa msitu, akaja na buti zinazong'aa na bunduki begani. Dokta akaongea asubuhi nzima kuhusu mianzi: jinsi watu wanavyopanda mlimani kuchimba machipukizi yake yangali machanga, jinsi yasivyopewa nafasi ya kukua. Bi Ingrid alikuwa akiandika tu, uso hausemi kitu.

Kikaja chakula. Mama mdogo akapakua mwenyewe, kitambaa kichwani, akitembea kama bibi harusi. Bi Ingrid akaonja malewa. Akaonja tena. Akamaliza, akainyoosha sahani aongezwe, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Hiki ni nini?"

Angeweza kujibu mtu yeyote. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wanaojua. Nikasimama mimi.

Nikasema ni aina ya uyoga wa mlima wetu. Ningeishia hapo! Nikaendelea kwamba unaota kwenye magogo yanayooza ndani kabisa ya msitu wa asili, kwamba huu ndio ushahidi kuwa msitu ukihifadhiwa unatulisha, nikataja na jina la Kilatini (ambalo Mungu amenisaidia nimelisahau), tena nikaeleza jinsi unavyozaliana. Nikaona wazee wanatazamana. Nikadhani wanastaajabia elimu.

Kutoka kwenye masufuria kikatoka kicheko kimoja, kikazibwa na kiganja. Ndipo mama mdogo, kwa upole kabisa, mwiko bado mkononi, akasema, "Zaina mwanangu, uyoga gani? Hii si malewa? Hii ni mianzi."

Macho ya watu yakatoka kwa mama mdogo, yakaenda kwenye bango langu, yakatua kwenye sahani ya Bi Ingrid. Dokta Mugoya aliacha kijiko kikae mdomoni.

Afande Opio akajifuta midomo, akasimama. "Nyabo," akamwambia mama mdogo, "hii mianzi imetoka wapi? Nani alileta hii chakula hapa?"

Hapo nikaona mambo mawili. Fedha za msitu zinaondoka, hilo moja, lakini kubwa kuliko yote nikamwona mama mdogo anapelekwa kituoni na aproni yake mbele ya watu anaowapikia miaka yote. Nikasema kwa nguvu, "Afande, huyu ni mama yangu! Mimi ndiye nimemwomba apike. Kama ni kosa, nishike mimi!"

Maneno mazuri, sivyo? Ningekaa chini baada ya hayo leo ningekuwa shujaa. Lakini akili yangu ikaniambia, ondoa sufuria, chakula kisipoonekana hakuna kesi. Nikalikamata. Sufuria lilikuwa la moto. Nikapiga hatua kwenda mlangoni, vidole vikakataa, nikatafuta mahali popote pa kulitua, na mahali palipokuwa karibu ni meza fupi, na lilipotua likainama, na malewa yote yaliyobaki yakamwagika juu ya kilele cha mlima. Yakaanza kushuka. Yalifunika msitu, yakafunika mashamba, yakafuata mito kama yanaijua njia, mpaka mchuzi wa karanga ukafika Mbale mjini na kudondokea viatu vya Dokta.

"Ramani yangu," Dokta akasema, taratibu, kama mtu anayeongea usingizini.

Mama mdogo hakunitazama hata. Alikuwa bado anamjibu afande. "Nimenunua sokoni, afande, kwa wale akina mama wa juu mlimani wenye ruhusa. Siku yao ya kuingia msituni si wewe mwenyewe unawafungulia njia?"

"Mimi nauliza tu, nyabo. Ni kazi."

"Uliza. Na nyumbani umwulize mke wako pia, maana kila wiki tunagombania fungu moja, mimi na yeye."

Ukumbi ukalipuka. Afande akaitazama sahani yake, nyeupe kama iliyooshwa, akaketi polepole, halafu naye mabega yakaanza kutikisika. Bi Ingrid akaomba atafsiriwe. Mwalimu mmoja akamtafsiria yote (mimi hakuna aliyenitegemea tena kwa tafsiri), naye akacheka mpaka akavua miwani.

"Nimesoma ripoti nyingi juu ya mianzi hii," akasema, "na zote zinaniambia inakatwa. Hakuna iliyoniambia kwamba ni tamu hivi."

Akataka apelekwe sokoni. Ratiba ya mchana ikafa, tukaenda sote, mama mdogo mbele amemshika mgeni mkono, na wale akina mama wa juu wakaongea naye jua lile lote: kwamba hakuna mtu anayetaka mianzi iishe, kwamba wangepata miche wangeipanda kwao. Mimi nilikuwa nyuma na vidole vyangu vimefungwa kitambaa, nimebeba mfuko wa malewa wa Bi Ingrid, sisemi neno. Fedha zilitoka baadaye, na nyingine zikaenda kwenye miche ile. Sitadai ni kwa sababu yangu.

Kabla ya kuondoka nikapita kuomba msamaha. "Nimemwaga mboga yako, mama."

"Mboga nitapika nyingine," akasema, akinifunga upya kile kitambaa. "Ila umenisimamia mbele ya bunduki. Nitamwambia dada yangu." Kisha akanikazia macho. "Na nitamwambia la uyoga pia."

Njia nzima ya kurudi Dokta hakuongea. Iganga tukaipita, kimya. Nikawa naandika barua ya kuacha mafunzo kichwani. Tulipofika Bugembe akageuza uso taratibu, akanitazama, akasema, "Zaina. Unaota kwenye magogo?" Akaegesha gari kando ya barabara, akalala juu ya usukani, akacheka mpaka wauza ndizi wakaja kuangalia kama ni mgonjwa.

Tangu siku hiyo nimekula kwenye meza nyingi za wakubwa, na mtu akiuliza "hiki ni nini?", hata kama ni yai, hata kama nimelikaanga mimi, ninatafuna polepole na kumwacha mwingine ajibu.